Dhamana ya gari-nyumba: nani anadaiwa nini?

Kila kiangazi kikielekea ukingoni, magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wanaoishi Ujerumani hurudia mjadala uleule. Familia imekodi gari-nyumba, imezunguka wiki nzima hadi Bahari ya Baltiki au Ziwa Konstanz na kurudi salama salimini. Kisha unaingia ujumbe: "Jamani, mwenye gari kakata euro 400 kwenye dhamana yetu. Mara choo, mara mikwaruzo, mara harufu. Na bima tulilipa!" Majibu yanamiminika. Mmoja anasema huo ni wizi wa mchana. Mwingine anasema ukishasaini umekwisha. Wa tatu ana binamu anayemjua wakili. Mwisho wa siku muulizaji amebaki palepale.

Wengi wa wanaojibu wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia pesa tofauti bila kujua. Kabla ya kuamua nani kamwonea nani, inabidi tuvitenganishe vitu vilivyochanganywa.

Gari-nyumba ni gari lenye injini yake ambalo ndani lina vitanda, jiko la gesi, friji, sinki, choo na mara nyingi bafu. Wajerumani huliita Wohnmobil. Karavani ni kitu kingine, maana haina injini na huvutwa na gari. Tangu korona ilipofunga hoteli na viwanja vya ndege, Wajerumani wameyanunua magari haya kwa pupa; mwaka 2021 pekee yalisajiliwa mapya zaidi ya 80,000. Bei yake ni ya kutisha, na mengi hukaa yameegeshwa miezi mingi kwa mwaka. Ndiyo maana watu binafsi wengi huyakodisha kupitia majukwaa ya mtandaoni ili lile deni la benki lipungue.

Kwa hiyo mkodishaji wako anaweza kuwa kampuni yenye mamia ya magari, au Herr (Bwana) fulani wa mtaa wa pili ambaye mapazia ya gari yalichaguliwa na mkewe. Kampuni ina orodha ya bei kwa kila mchubuko na haikasiriki. Huyu wa pili anakukabidhi kitanda anacholalia mwenyewe. Hasira nyingi utakazozisikia zinatoka hapo.

Sasa tuje kwenye msingi wa ugomvi wote. Chukua mfano wa sufuria kubwa ya shughuli uliyoazima kwa jirani. Ukiipikia pilau, itarudi na masizi chini. Hakuna jirani mwenye akili atakayekudai masizi, kwa sababu sufuria kazi yake ni kukaa motoni. Ukiirudisha na ukoko umeganda ndani, atanuna, na ana haki ya kununa: ulipaswa kuisugua. Ukiirudisha mkono mmoja umekatika, unadaiwa mkono. Masizi ni uchakavu wa kawaida, ukoko ni uchafu, na mkono uliokatika ni uharibifu. Karibu kila ubishi wa gari-nyumba ni ubishi kwamba jambo fulani liwekwe kwenye kundi lipi kati ya hayo.

Sheria ya Kiraia ya Ujerumani, BGB, inalisema hilo katika kifungu cha 538: mabadiliko au kuchakaa kwa kitu kilichokodiwa, kukitokana na matumizi yaliyokubaliwa kwenye mkataba, si mzigo wa aliyekodi. Godoro likibonyea kidogo, zulia likififia pale watu wanapokanyaga, au mpini wa kabati ukilegea baada ya kufunguliwa mara elfu na wateja wote waliokutangulia, hayo yamo kwenye kodi uliyolipa. Alama ya sufuria ya moto iliyoungua juu ya meza haimo, kwa sababu mkataba haukukuruhusu kutumia meza kama mafiga.

Kuna pesa tatu ambazo watu huzichanganya, na hapa ndipo pa kusoma polepole.

Ya kwanza ni dhamana, Kaution kwenye mkataba. Mara nyingi ni kati ya euro 1,000 na 1,500. Hii ni pesa yako. Mwenye gari anaishika tu, na anaruhusiwa kukata kile anachoweza kukieleza na kukithibitisha. Wale wanaosema "dhamana ikirudi ni bahati" wanajiuzulu kabla ya mchezo kuanza.

Ya pili ni kiasi unachobeba mwenyewe kwenye bima, Selbstbeteiligung. Gari lina bima kubwa, lakini ukigonga, bima haianzi kulipa kutoka senti ya kwanza. Kama kiasi hicho ni euro 1,000 na matengenezo ni euro 4,000, wewe unatoa 1,000. Matengenezo yakiwa euro 700, unalipa zote 700. Wakodishaji wengi hupanga dhamana ilingane na kiasi hiki, na ndiyo maana watu hudhani ni kitu kimoja. Pia ndiyo maana "bima tulilipa" haimjibu mtu anayekudai euro 400: bima ipo, lakini 400 iko chini ya kizingiti chako.

Ya tatu ndiyo iliyowatoa jasho wengi: ada ya huduma, Servicepauschale. Unailipa mwanzoni, haina hiari, na jina lake linakupa matumaini ya bure. Kwa kawaida inagharamia chupa ya gesi iliyojaa, dawa ya choo, kuoshwa kwa gari kwa nje na muda wa mtu kukueleza jinsi vifaa vinavyofanya kazi. Kufagia mchanga wa watoto wako na kumwaga choo chako kwa kawaida havimo. Mtu anaona "huduma, euro 150", anaacha gari lilivyo, kisha anashangaa kutozwa usafi. Kwa maoni yangu wakodishaji wana lawama hapa, maana wangeweza kuandika sentensi moja ya kueleza ada hiyo inaishia wapi. Ila mkataba ukikutaka urudishe gari likiwa limefagiwa na choo kiko tupu, huwezi kujificha nyuma ya ada ya huduma.

Tukiingia kwenye usafi wenyewe, neno utakaloliona ni besenrein. Maana yake gari limefagiwa, takataka zimetolewa, vyombo vimeoshwa, friji iko tupu na imepanguswa. Halihitaji kung'aa. Mwenye gari anayekata pesa kwa sababu ameona nywele mbili kwenye kona ya bafu anadai zaidi ya besenrein. Hata hivyo soma mkataba wako, kwa sababu baadhi huandika wazi kwamba gari lirudi safi kabisa ndani kama ulivyolipokea, na hilo ni sharti tofauti.

Choo kinahitaji aya yake. Magari mengi ya Ulaya hayana tanki kubwa la kinyesi. Yana kaseti, yaani sanduku la plastiki la lita kama 17 hadi 20 linalochomolewa kupitia kijimlango kilicho ubavuni mwa gari. Ina mpini na magurudumu madogo kama begi la safari, ina mdomo wa kumwagia, na ina kitufe cha kuingiza hewa. Usipokibonyeza kitufe hicho wakati wa kumwaga, uchafu unatoka kwa kugugumia na kukurukia miguuni. Unaimwaga kwenye kituo maalumu kambini, unaisuuza mara mbili tatu, unatia maji kidogo na dawa, basi. Dakika 5. Watu huiacha siku ya mwisho kwa kinyaa au kwa sababu wamechelewa, na mwenye gari naye huikuta imekaa juani tangu asubuhi. Ada ya kuiacha imejaa mara nyingi huzidi euro 100. Unaweza kuiona ni kali, lakini mwulize aliyewahi kuifungua.

Halafu kuna harufu, na hapa sisi tuna mambo yetu. Gari-nyumba ni chumba kidogo chenye vitambaa kila upande: viti, mapazia, magodoro, wakati mwingine hata dari. Ukikaanga samaki ndani na dirisha limefungwa kwa sababu nje kuna baridi, harufu itakaa wiki. Udi nao ni vilevile. Wewe unaona umelitia gari baraka, mwenye gari anaona mtu kavuta kitu ndani. Kisheria, harufu inayohitaji mashine ya ozoni au kufuliwa kwa viti inaweza kuhesabiwa kama usafi wa ziada, hasa mkataba ukikataza moshi. Wenye uzoefu hukaangia nje, kwenye jiko dogo la gesi chini ya turubai.

Turubai lenyewe ni mlango wa kuingilia kwenye uharibifu, na hapo bima inageuka kuwa somo gumu.

Bima kubwa ya Ujerumani, Vollkasko, inalipa ajali. Masharti ya bima hueleza ajali kama tukio linaloligonga gari kutoka nje, ghafla, kwa nguvu. Pima kila hasara kwa maneno hayo matatu na utaelewa mengi. Umegonga nguzo: imetoka nje, ni ghafla, ni nguvu. Bima inaingia. Mtoto amesimama juu ya meza ya kukunja ikavunjika mguu: hakuna kilichotoka nje. Umesahau kufunga friji, umepiga kona, mlango wake umefunguka na kung'oka: hiyo nayo imetokea ndani. Hasara kama hizi bima haizilipi, na kwa kuwa hazimo kwenye bima, kile kizingiti cha euro 1,000 hakikukingi pia. Unadaiwa hasara nzima. Hili ndilo jambo ambalo watu wachache wanalijua na ndilo linalouma zaidi.

Turubai la kivuli linaloviringishwa ubavuni mwa gari hupeperushwa na upepo, mikono yake ya alumini hupinda, na wakati mwingine hung'oka na kipande cha ukuta. Bima inahesabu dhoruba kuanzia nguvu ya 8 kwenye kipimo cha Beaufort, yaani upepo wa kilomita 62 kwa saa na kuendelea. Upepo wa kawaida wa saa tisa alasiri ufukweni haufiki hapo, lakini unatosha kulivunja turubai lililoachwa wazi huku nyinyi mko majini. Mikataba mingi hata hulitaja turubai kwa jina na kuliweka nje ya kinga.

Kuna kosa jingine linalochekesha hadi likupate. Gari-nyumba lina vifuniko viwili au zaidi ubavuni: kimoja cha dizeli, kimoja cha maji safi. Mtu amechoka, yuko kituo cha mafuta, anafungua kifuniko, anamimina dizeli kwenye tanki la maji ya kunywa. Dizeli ikishaingia kwenye mabomba ya plastiki, harufu yake haitoki. Tanki, pampu, mabomba, pengine hata mtungi wa kuchemshia maji, vyote hubadilishwa. Bima huliita jambo hili hasara ya uendeshaji na haigusi. Kama kuna swali moja la kumwuliza mwenye gari siku ya kulichukua, uliza: "Kifuniko cha dizeli ni kipi? Nionyeshe kwa kidole."

Na kimo. Gari dogo unaloendesha kila siku ni mita 1.5, hili linakaribia mita 3, na aina nyingine huzidi. Mtu anafuata alama ya maegesho ya supamaketi, anapita chini ya boriti iliyoandikwa 2.50, paa linachanika. Zamani mikataba iliandika kwamba uzembe mkubwa wa namna hii unafuta kinga yote na unalipa kila kitu. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya kesi za madai, BGH, katika kesi ya gari la kukodi, ilikataa sharti la jumla kama hilo. Kiasi cha kulipa kinapaswa kufuata uzito wa kosa, kwa hiyo mahakama inaweza kukubebesha sehemu tu ya hasara. Anayekuandikia barua kwamba "uzembe mkubwa, lipa zote" hajasema neno la mwisho. Lakini sehemu ya hasara ya paa la gari la euro 70,000 bado ni pesa nyingi.

Nikiwa hapo niseme mawili kwa wageni wa barabara za huku. Leseni ya Kenya au Tanzania inatambuliwa Ujerumani kwa miezi 6 tangu uhamishie makazi yako hapa. Baada ya hapo unaendesha bila leseni, na bima itakuwa na sababu ya kukugeuka. Na leseni ya daraja B inaishia tani 3.5, uzito ambao gari-nyumba lililojaa maji, watu watano na kreti za vinywaji huufikia upesi. La pili: mikataba mingi inataka polisi waitwe kwa kila ajali, hata ukigonga uzio usiku peke yako. Usipowaita unaweza kupoteza ile kinga ya bima, hata kama ulimwachia mwenye uzio namba ya simu.

Tuseme sasa kweli umeharibu. Je, kiasi unachodaiwa ni sahihi? Watu wengi hubishana "nimefanya, sijafanya" na kusahau kubishania hesabu. Godoro la euro 300 ambalo kwa kawaida lingedumu miaka 10, likiwa limetumika miaka 6, halikugharimu euro 300 ulipolimwagia chai. Mahakama hupunguza thamani ya umri. Katika mfano huu zinabaki 120. Tena mwenye gari akileta makadirio ya fundi bila kutengeneza, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19 iliyomo kwenye makadirio hawezi kukudai, kwa kuwa hajailipa. Na kama mkataba una orodha ya bei zilizopangwa, mathalani mchubuko mmoja euro 200, kifungu cha 309 cha BGB kinataka uachiwe nafasi ya kuthibitisha kwamba hasara halisi ilikuwa ndogo zaidi.

Kwa upande wa pili, mwenye gari ana hasara ambayo wakodi hawaioni. Gari likiingia gereji katikati ya Julai, familia iliyolipia wiki inayofuata haina gari. Anarudisha pesa zao, anakosa kodi, na mafundi wa magari haya wana foleni ya wiki nyingi. Anaweza kudai kodi iliyopotea iwapo kinga ya mkataba haizuii. Ndiyo maana anayekodisha hukasirishwa na kilichofichwa kuliko kilichovunjika. Ukimpigia simu siku ya tukio, anaweza kuagiza kipuri mapema. Ukikaa kimya hadi siku ya kurudisha, umemnyima wiki nzima.

Yote hayo husimama au huanguka kwenye karatasi moja, hati ya makabidhiano, Übergabeprotokoll. Mwenye gari ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kwamba hasara ilitokea mikononi mwako. Hati iliyosainiwa na wote wawili ikisema ukuta wa nyuma ulikuwa mzima siku ya kuchukua, kazi yake imerahisika. Ikisema ulikuwa na mchubuko wa sentimita 10, umepona. Siku ya kuchukua watu wana haraka, watoto wanalia, mwenye gari anaeleza boila kwa Kijerumani cha kasi, na mkodi anaitikia tu kwa kichwa. Hapo ndipo pa kuchukua simu na kurekodi video bila kukatisha: paa kwa kadiri unavyoona, kona za nyuma chini, ambako mkia wa gari hugonga wakati wa kukata kona, kioo cha mbele kwa pembeni ili vijinyufa vya nyota vilivyopigwa na kokoto vionekane, turubai likiwa limefunguliwa, ndani ya kaseti, dashibodi yenye kilomita. Fungua bomba, washa friji, kunja meza. Yeyote anayekuambia "usijali, tunaaminiana" mjibu kwa adabu kwamba unarekodi kwa sababu mnaaminiana.

Kurudisha ni vilevile, mchana, mkiwa wote wawili. Kutupa ufunguo kwenye sanduku la barua saa nne usiku ni kumwachia mwenzako aandike hadithi peke yake. Akikuletea hati yenye madai usiyokubaliana nayo, unaweza kusaini kuthibitisha kwamba umelirudisha gari na kuandika juu ya saini "unter Vorbehalt", yaani chini ya pingamizi, ukitaja pingamizi lenyewe ni lipi. Saini bila maneno hayo haikumalizi moja kwa moja, ila hati inayosema wazi kwamba umekiri hasara itakusumbua sana.

Pesa zikikatwa, omba kwa maandishi: picha, bili ya fundi au makadirio, umri wa kitu kilichoharibika, na kifungu cha mkataba kinachotumika. Weka tarehe ya mwisho ya kujibu, wiki mbili zinatosha. Kama mlikodishana kupitia jukwaa, fungua malalamiko huko mapema, kwa kuwa majukwaa hutaka hasara iripotiwe ndani ya muda mfupi kwa pande zote. Sheria haijataja siku kamili ya kurudisha dhamana; mwenye gari anapewa muda wa kukagua na kupata bili. Lakini kifungu cha 548 kinampa miezi 6 tu, kuanzia siku aliyopokea gari, kufuatilia madai ya uharibifu kabla hayajapitwa na muda. Hiyo haina maana kwamba anaruhusiwa kukaa na dhamana yako kimya miezi 6.

Ikishindikana, kila jimbo lina Verbraucherzentrale, kituo cha wateja kinachotoa ushauri kwa ada. Mwenye kipato kidogo anaweza kwenda Amtsgericht, mahakama ya ngazi ya chini ya wilaya yake, kuomba cheti cha Beratungshilfe, yaani msaada wa ushauri wa kisheria, akaonana na wakili kwa euro 15. Kesi ya euro 400 nayo husikilizwa Amtsgericht, na huko si lazima uwe na wakili, ingawa anayeshindwa hubeba gharama za mahakama na za mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kufungua kesi, toa kwanza zile 120 za godoro na ada ya kaseti uliyoiacha imejaa, kisha uone kilichobaki cha kudai ni kiasi gani.